Kopa, Si Shaba

Kwa Mathias, Kibaha
Jumapili jioni

Mwanangu Idrisa,

Vumbi la pikipiki yako bado halijatulia pale kwenye kona ya duka la Mangi, nami nimeshakaa mezani na kalamu. Nilipanga kukuandikia ukiwa umelala, uikute barua hii ndani ya begi basi likiwa limeshapita Morogoro. Lakini umeondoka kwenda Mzenga na klampu moja ya kubania waya mfukoni, wingu limekaa upande wa Kisarawe, na mimi siwezi kukaa hivi hivi. Vyombo nimeosha. Mashati yako ya safari nimepiga pasi, hata lile usilolipenda. Imebaki kuandika.

Habari za kula, chandarua na kutosahau kupiga simu sitaziandika. Unazijua, na ukizisahau nitapiga mwenyewe. Daftari langu la kila siku nalo leo nimeliacha kabatini. Ya leo nakuandikia wewe.

Nimewasha redio. Nimeitafuta ile stesheni ya Mzenga mpaka nikaipata, inakwaruza kidogo lakini inasikika. Yule binti wa kipindi cha salamu anaendelea kucheka na wasikilizaji wake. Alimradi anacheka, najua mnara wao, huo unaoufuata wewe, umesimama na uko hewani. Ukifika utamwomba azime mitambo kabla hujashika kitu, kama nilivyokuagiza. Kwa hiyo nasubiri anyamaze, na wakati huohuo naogopa akinyamaza.

Nikuambie ukweli kuhusu mchana wa leo. Uliponiambia unarudi Mzenga, nilikujibu kwa ukali. Nilisema, "Mtu anasafiri kesho alfajiri, anakwenda kuchezea mnara na wingu lile? Nitatafuta fundi Jumanne."

Ukaniuliza, "Mama, na Mzee Mbwana pale mnarani atalala wapi mpaka hiyo Jumanne?"

Klampu ilikuwa kwenye mkoba wangu. Ningeweza kusema Mangi hakuwa nayo, nawe ungeamini. Nilifungua mkoba nikakupa. Nataka ukumbuke hilo, lolote litakalotokea: hukutoroka. Nilikupa mimi.

Kesho unakwenda Kigoma kuwa kiongozi wa kikosi. Watu watano watachimba pale utakapowaonyesha na kufukia utakachowapa. Wewe ndiye utakayechagua chuma cha kupeleka radi ardhini. Kazi ile niliifanya miaka mingi nikiwa nimekaa kwenye kiti cha stoo, bila kupanda mnara hata mmoja, na nimejifunza kwamba mtu anaweza kumuumiza mwenzake kwa kalamu tu.

Unajua mnara wa Mzenga ulivyofungwa, kwa sababu ulikuwepo. Ulikuwa likizo kutoka chuo cha ufundi, ukaja kushika spana. Ila hujui kilichotokea kabla ya mzigo kufika kule. Niliandika kwenye karatasi ya manunuzi: klampu za shaba. Niliandika nikiwa na hakika, maana shuleni tulifundishwa hivyo. Shaba ndiyo ule waya mwekundu unaopitisha umeme, imo kwenye kamusi, na mimi Kiswahili nilipata alama nzuri kidato cha nne. Unajua ninavyojivunia Kiswahili changu. Kila mtu stoo alikuwa anajua.

Nilipokwenda kuchukua, Mangi akamwaga klampu juu ya meza. Za njano, zinang'aa kama vitasa vya milango.

Nikamwambia, "Mangi, hizi sizo. Mimi nimeandika shaba."

"Na hiyo ni nini, Mama Idrisa? Si shaba hiyo?"

"Shaba ni nyekundu."

Akacheka, na vijana wa vyuma chakavu waliokuwa wanapima mzigo pembeni nao wakacheka. Akasema, "Nyekundu ni kopa, mama yangu. Ya njano ndiyo shaba. Waulize hawa, ndiyo kazi yao kutwa. Ungetaka kopa ungeandika kopa." Kisha akanyoosha kidole kwenye kile kibao chake ukutani. "Ila hapa kwangu, kukopa hakuna!"

Walicheka sana. Mmoja akasema, "Mwalimu leo kapewa somo." Mimi si mwalimu, lakini nilijua kwa nini ananiita hivyo.

Ningesema, "Basi nipe kopa," yangekwisha. Ilikuwa ni kubadilisha neno moja. Lakini ilikuwa lazima nikubali mbele yao kwamba neno langu la kamusi halikufaa dukani. Nikajiambia ya njano nayo inapitisha umeme, mafundi wengi wanaitumia, itatosha. Nikasaini nikaondoka. Wewe ukaenda ukazikaza kwa mikono yako, ukarudi na furaha, ukaniambia, "Mama, zimeng'ang'ania hasa." Nami nikakupakulia chakula.

Kwenye mashimo mengi ya nchi hii klampu za njano zimekaa bila shida, sitaki kukudanganya. Zingekaa na Mzenga pia. Hapo ndipo linapoingia kosa la pili, nalo lilitoka kwenye mdomo huuhuu. Nilimpigia simu Mzee Mbwana, mlinzi, nikamwambia, "Mzee wangu, kiangazi usiache mashimo ya ethi, yale ya waya wa radi, yakauke. Udongo mkavu haupokei radi." Maneno sahihi kabisa. Sikumwambia unyevu wa nini, wala autoe wapi.

Leo asubuhi tulipofika, wewe ulisema, "Shikamoo babu," akakuitikia, "Marahaba, fundi wangu, umekuwa mrefu kama mnara," halafu sote wawili tukaona ng'ombe. Wamefungwa kamba, kila mmoja kwenye shimo lake.

Ukamuuliza, "Babu, hawa wanafanya nini hapa?"

"Wako kazini," akasema, bila mzaha hata kidogo. "Si mama yako alisema mashimo yasikauke? Kisima kiko mbali, mgongo wangu huu hautaki ndoo. Hawa wanamwagilia asubuhi na jioni. Hawajakosa hata siku moja."

Niliona unavyouma mdomo ili usicheke. Mimi pia nilitaka kucheka. Halafu akasema, kwa sauti ileile, "Walikuwa watatu. Yule wa rangi ya maziwa alikufa na radi ile ya juzi. Alikufa amesimama, Mama Idrisa. Miguu imekauka kama ya meza. Na mimi nilikuwa kibandani, sikio hili la kushoto tangu siku ile linalia nyuki."

Hapo hamu ya kucheka ilitutoka.

Tulipochimba ulinieleza kitu ambacho mimi sikukijua, na nilifurahi kwamba nimekipata kwako. Ulisema ule mkojo una amonia, ile inayochoma pua zizini, na shaba ya njano ikiwa imekazwa kwa nguvu haistahimili amonia. Inapasuka kidogo kidogo, ufa hauonekani mpaka uishike. Ukaishika ile ya shimo la tatu, la karibu na kibanda, ikakatika mkononi mwako kama biskuti. Waya ukabaki unaning'inia.

Uliniangalia. Hukusema, "Mama, ulinunua nini?" Ulisema tu, "Nilizikaza kupita kiasi." Ukalibeba kosa lote wewe. Nimeliona hilo na halijanitoka. Ukikaa na kikosi chako usiwe unafanya hivyo, Idrisa. Aliyeagiza abebe la kuagiza, na aliyekaza abebe la kukaza. Ukibeba ya wote, hakuna atakayejua ni wapi palipokatika.

Tulikuwa na klampu mbili tu za kopa, tukafunga mashimo mawili. La tatu tukaliacha wazi. Tulimsihi Mzee Mbwana alale kwa jirani. Unakumbuka jibu lake: "Nikiondoka nani atalinda hiyo kopa yenu mpya? Wezi wananusa kopa kama inzi wanavyonusa papai." Na kibanda chake kiko hatua chache kutoka kwenye waya usiofungwa. Radi ikishuka mguu ule wa mnara ikakuta njia imekatika, hairudi juu. Inaruka. Inatafuta kilicho karibu.

Nimekupigia sasa hivi. Haipatikani. Labda uko kwenye lile bonde baada ya Mlandizi ambako mtandao hushindwa.

Upande wa Kisarawe wingu limekuwa jeusi chini, juu limebaki jeupe. Binti wa salamu anasoma majina ya watu wa Maneromango. Redio imeanza kupiga mikwaruzo mifupi, kila mkwaruzo ni radi mahali fulani. Bado iko mbali. Nahesabu, halafu najizuia kuhesabu.

Acha nikueleze habari ya Kwala, ili mkono uendelee kuandika. Wakati ule hakukuwa na bandari kavu wala viwanda, palikuwa na pori na mnara mmoja niliouagizia waya nikiwa mgeni stoo. Bosi alisema tufukie waya wa alumini, maana ni mwepesi na wezi hawautaki. Nilikuwa nimesoma kwamba alumini hufaa juu, hewani, na kwamba ardhini hailindiki. Nilijua. Nikasema mara moja, kwa sauti ndogo, wakati yeye anaongea na simu. Halafu nikaagiza. Tulipokuja kufukua, waya haukuwepo. Ulikuwepo unga mweupe tu, umelala kwenye mtaro kama mtu aliyemwaga unga wa muhogo akitembea. Bosi akaniuliza kwa nini sikumwambia. Nikasema nilimwambia. Lakini mimi na wewe tunajua kwamba kusema mara moja wakati mtu hasikilizi si kumwambia. Ni kujitengenezea la kujitetea nalo baadaye.

Kule Kigoma radi ni nyingi kuliko huku, hilo umeambiwa na kila mtu. Hukuambiwa kwamba bosi utakayemkuta atakuwa na haraka, na mzigo utakaokuta stoo utakuwa umeshanunuliwa na mtu kama mimi. Siku moja utafungua kiroba utakuta za njano, au rodi za chuma zilizopakwa kopa nyembamba kama rangi ya kucha, na kikosi kinakusubiri na majembe. Siku hiyo utakuwa na aibu ya kurudisha mzigo. Mimi ninaijua aibu hiyo. Inaisha jioni ileile. Ya Mzenga, tangu mzee aliponiambia habari ya sikio lake, najua haitaisha.

Na kabla hujaagiza, uliza watu wa kule wanaitaje. Usitegemee neno la kwetu, wala la kamusi, wala langu. Shika chuma mkononi, kwaruza kwa tupa, sema, "Hiki." Sumaku haitakusaidia hapo. Ya njano na nyekundu zote haizinasi.

Kuna jambo jingine la vyuma ambalo nilikufundisha vibaya. Ulikuwa kidato cha pili, tulikuwa tunaangalia mguu wa mnara uliooza karibu na nyumba. Nilikueleza kwamba mguu ni chuma kilichochovywa kwenye zinki, na mtu amefunga waya wa kopa juu yake moja kwa moja. Nikasema hakuna kibaya hapo, kila kimoja peke yake ni kizuri, lakini vikikutana kwenye maji kimoja kinamla mwenzake. Ukasema, "Kama wewe na baba."

Nilikukaripia. Ulikuwa umesema kweli, na mimi nilikuwa sijawa tayari kuisikia kutoka kwa mtoto. Halafu nikaendelea na somo, nikasema dawa yake ni kuweka katikati kipande cha kopa kilichopakwa bati, kinachopatana na pande zote mbili. Nilisema hivyo bila kufikiri, nikakuona unainamisha kichwa. Miaka yote ile kabla baba yako hajahamia Dodoma, kipande kile kilikuwa wewe. Ulikuwa unapeleka maneno yake kwangu na yangu kwake, ukiyalainisha njiani. Haikuwa kazi ya mtoto. Nilipaswa kukuambia siku ile palepale. Nakuambia leo. Ukienda Kigoma, hiyo kazi umeiacha. Mimi na baba yako tukiwa na neno, simu tunazo.

Radi imepiga. Si mkwaruzo, nimeisikia kwa masikio kutoka dirishani.

Nimekupigia tena. Haipatikani.

Ulipokuwa unawasha pikipiki nilikuambia, "Ukisikia radi, weka spana chini, hata kama imebaki nati moja." Ukasema, "Mama, mvua ya Kisarawe inapiga honi kabla ya kufika." Nikacheka kwa sababu ulitaka nicheke. Lakini sina hakika kama utaweka spana chini. Nakujua. Wewe ukianza kukaza unakaza mpaka mwisho, na mwenye kukufundisha hivyo ni mimi.

Redio imenyamaza.

Imekatika katikati ya jina la mtu. Hakuna muziki, hakuna kicheko, ni ule mvumo tu. Nimeigusa, nimezungusha kitasa kwenda na kurudi, stesheni za Dar zinaongea kama kawaida. Ya Mzenga haipo.

Inawezekana umefika, umemwambia azime, na amezima. Ndivyo tulivyokubaliana. Inawezekana pia ni radi. Kunyamaza ni kulekule, na nikiwa hapa mezani siwezi kujua kama ni wewe au ni balaa. Miaka yote niliyokaa stoo, nilituma vyuma vikafanye kazi mahali nisipopaona, nikalala usingizi. Sijui nililalaje.

Mvua imeanza hapa Kwa Mathias. Wenye maduka wanaingiza bidhaa. Nimesikia Mangi akimfokea mtu juu ya viroba vya saruji. Mchana nilipokwenda kwake kuchukua ile klampu, nilisimama pale mbele ya wateja wake nikasema kwa sauti, "Mangi, nipe kopa. Ile nyekundu." Akaniangalia. Nadhani alikumbuka, kwa sababu hakutania. Alipanda ngazi akaitafuta mwenyewe juu ya rafu, akaifuta vumbi kwa shati lake, akaniuliza, "Ya wapi, mama?" Nikasema, "Ya Mzenga, pale pale." Akasema, "Mwambie kijana awahi, kule wingu limeshafunga."

Sikukuambia alisema hivyo. Ningekuambia, ungeongeza mwendo.

Bado kimya.

Nimeanza kuandika dua nikaifuta, si kwa sababu siiombi. Naiomba. Ila sitaki uikute hapa ukiwa ndani ya basi ukadhani mama yako alikuwa amekata tamaa. Sijakata. Nimekaa tu, na mkono wangu mmoja uko juu ya redio kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Idrisa, imerudi.

Imerudi na kicheko kilekile. Binti amesema, "Samahani wasikilizaji wetu, tulikuwa na fundi hapa, katuzimisha kwa nguvu, kakataa hata tumalizie salamu." Halafu akasema ana ujumbe wa haraka, na nimeuandika kama alivyousoma ili kesho usiukane: "Salamu zitoke kwa Idrisa fundi, zimfikie mama yake mzazi Kwa Mathias. Anasema, kopa imeshika. Simu imelowa. Amekaa kibandani mpaka radi ipite, spana iko chini. Naye Mzee Mbwana anaongeza kwamba ng'ombe wamestaafu."

Nimelia kidogo, usimwambie mtu.

Kisha binti wa watu akauliza hewani, "Kopa imeshika? Jamani, huyu fundi amekopa nini tena?" Na wote waliokuwa studio wakacheka, kama walivyocheka wale vijana siku ile dukani.

Nami nimejikuta namjibu peke yangu hapa mezani, kwa sauti, kama ananisikia: "Kopa, mwanangu. Ile nyekundu. Sisi tuliosoma tulikuwa tunaiita shaba."

Kile kipande cha njano kilichokatika mkononi mwako nimekifunga kwenye kitambaa, kiko kwenye mfuko wa pembeni wa begi. Usikitupe, wala usikibebe kama kosa lako. Kiweke mezani siku utakapokuwa na aibu ya kurudisha mzigo.

Sasa nabandika maji ya kuoga. Usiharakishe. Yakipoa nitayabandika tena.

Mama yako,
Kwa Mathias